Mkutano wa Kulinda Ardhi na Hisabu ya Takataka Zake

Yapasa ijulikane ya kuwa katika zama hizi yamezuka makusanyiko ya namna ambayo wazee hawakuyajua. Watu huitwa kutoka mbali na karibu, si kwa harusi, wala kwa khitima, wala kwa maulidi, bali kwa kuambiwa ya kuwa ardhi inaharibika, na bahari inajazwa uchafu, na joto la dunia linazidi, na kwamba mwenye kuyafanya hayo ni mwanadamu kwa mikono yake mwenyewe. Na khabari hii ni ya kweli. Mvuvi aijua kwa nyavu zake na mkulima aijua kwa mvua zake, kabla ya kuambiwa na mwenye elimu.

Ama makusanyiko yenyewe, dasturi ya mengi katika hayo ni hii. Hema hupigwa karibu na bahari na viti hupangwa. Wageni huja kwa magari, na wakubwa wao kwa ndege. Kila mtu huwekewa mbele yake chupa ya maji ya plastiki, akapewa fulana mpya na kofia mpya zenye maandishi ya kuhimiza usafi, na adhuhuri huletewa chakula katika kisanduku cha kutupa pamoja na kijiko cha kutupa. Husemwa maneno mazuri juu ya kasa na matumbawe na mikoko. Kisha jioni watu huondoka, na upepo hurithi walivyoviacha; na kasa yule aliyesemewa maneno mazuri mchana, usiku huukuta mfuko wa plastiki unaelea majini, akaudhania kuwa ni yavuyavu, akaumeza.

Si makusanyiko yote yaliyo hivi, wala haifai kuwadhulumu wenye kufanya uzuri. Lakini yaliyo hivi yamekuwa mengi hata watu hawaoni tena kuwa ni jambo la ajabu.

Basi hapa pana suala linalotaka kuangaliwa kwa makini, nalo si suala la takataka peke yake, bali ni suala la nia na amali: Je, kheri ya kufundisha hufuta shari ya njia iliyotumiwa kufundishia?

Wako wasemao kuwa hufuta. Hoja yao ni hoja ya mfanya biashara. Husema: Leo zimetumika chupa 200, lakini watu 200 wamefahamu, kila mmoja wao akirudi kwake akaacha chupa 100 katika mwaka wake, faida imekuwa nyingi kuliko mtaji, na khasara ya leo si khasara. Na wako wasemao kinyume chake, ya kuwa mwenye kukataza plastiki hali chupa ya plastiki i mkononi mwake ni mnafiki, na maneno ya mnafiki hayana haja ya kusikilizwa. Hoja hii ya pili yapendwa sana barazani, na sababu ya kupendwa kwake si ngumu kuijua: aliyeishika hurudi nyumbani kwake hana lolote la kubadilisha.

Hoja zote mbili zina haraka ndani yake. Kabla ya kuhukumu ni bora kutazama mambo yaliyotokea.

Tarehe 17 Oktoba 2009 Rais wa Maldivi wa wakati ule, Mohamed Nasheed, aliketi barazani pamoja na mawaziri wake chini ya maji ya bahari, wamevaa vifaa vya kupumulia, wakatia saini karatasi ya kuzitaka dola za dunia zipunguze moshi wao. Visiwa vile, ambavyo wenyeji wake ni Waislamu, kimo chake juu ya bahari kwa wastani ni kama mita 1 na nusu tu. Bahari ikipanda, wenyeji hawana kilima cha kukimbilia. Baraza lile lilichukua muda mdogo, lakini picha zake zilienea dunia nzima kabla ya mkutano mkubwa uliofanywa Copenhagen Desemba ya mwaka ule. Sasa mwenye kutafuta aibu ataipata: riziki kubwa ya nchi ile ni wageni wa matembezi, na wageni hao hufika kwa ndege, na ndege ni katika vitu vitoavyo moshi huo huo unaolalamikiwa. Je, kwa sababu hiyo watu wale walikuwa hawana haki ya kupiga ukelele? Mtu nyumba yake ikishika moto haulizwi kwanza kama jikoni kwake hupikwa kwa kuni.

Kadhalika mkutano wa mataifa uliofanywa Dubai, ulioanza mwisho wa Novemba 2023 na kumalizika Desemba. Walihudhuria watu zaidi ya 80,000, na wengi wao walifika kwa ndege. Wengi walicheka, na kicheko chao kilikuwa na haki yake. Lakini mkutano ule ulimalizika kwa mataifa kukubaliana, kwa mara ya kwanza katika mikutano hiyo iliyoanza Berlin mwaka 1995, kutaja wazi katika mapatano yao jambo la kuondoka katika kutegemea makaa ya mawe, mafuta na gesi. Nani awezaye kuweka moshi wa ndege zile katika kitanga kimoja cha mizani, na maneno yale katika kitanga cha pili, akasema upi uliozidi? Maneno yakifuatwa yatakuwa mazito kuliko moshi wote ule. Yasipofuatwa hayana uzito wa unyoya.

Na hapa ndipo hoja ya mfanya biashara inapoanguka. Faida aitajayo iko mbele, katika ghaibu, mikononi mwa watu ambao yeye hawamiliki. Ama khasara, iko leo, na inaonekana kwa macho. Chupa iliyotupwa imekwisha kutupwa. Aliyeifahamu hotuba huenda akaitenda na huenda akaisahau kabla hajafika kwake. Wanavyuoni wana kanuni mashuhuri katika fikihi, ya kuwa kuondoa madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa. Ni kweli ya kuwa manufaa yakiwa makubwa sana na madhara yakiwa madogo, hutazamwa na kupimwa. Lakini mwenye kudai hivyo ndiye mwenye kutakiwa ushahidi, wala haitoshi kusema kuwa nia yake ilikuwa njema.

Ushahidi ulio karibu zaidi na msomaji ni udhu wake. Udhu ni ufunguo wa sala, na sala ni nguzo ya dini. Lau ingekuwa wema wa jambo hufuta israfu ya njia yake, basi hapangekuwa na israfu inayostahiki kusamehewa kuliko israfu ya maji ya udhu. Lakini sivyo. Imepokewa ya kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo watu wa pwani huikisia kwa kibaba, na akioga kwa saa moja, yaani kama pishi, hata mudi 5. Kwa hisabu ya leo udhu wake haukufika lita moja. Mwenye kutawadha kwa mfereji ulioachwa wazi humwaga kiasi hicho kabla hajamaliza kusukutua. Na Imamu An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ametaja katika sherehe yake ya Sahihi Muslim ya kuwa wanavyuoni wameafikiana juu ya kukatazwa israfu ya maji, hata kama mtu yuko ukingoni mwa bahari.

Ukingoni mwa bahari! Jambo hili lastahiki kusimamiwa, wala lisipitwe upesi. Maji ya bahari hayapungui kwa kopo la mtu mmoja, wala kwa makopo ya watu wote wa mji. Basi kukatazwa kule si kwa khofu ya bahari kwisha. Mwenye kulizingatia ataona ya kuwa katazo lile limeuelekea mkono unaomwaga kabla ya kuyaelekea maji yanayomwagwa. Mkono uliozoea kumwaga penye wingi hautajifunza kushika penye uchache. Na mtu aliyezoea kuona ya kuwa jambo lake ni jema mno kuhisabiwa, huyo hatahisabu kitu tena. Wenye kuandaa mikutano ya kulinda ardhi wamo katika khatari hii kuliko watu wengine, kwa sababu jambo lao ni jema kweli. Mwenye kufanya karamu ya kujifakhirisha huenda akaona haya akizikuta taka zake asubuhi. Ama mwenye kufanya mkutano wa kuiokoa bahari, haya hiyo ameitoa mlangoni kabla ya kuingia.

Na tazama Hija, ambayo ni mkusanyiko mkubwa wa kila mwaka. Mwaka 2023 walihesabiwa mahujaji zaidi ya 1,800,000. Mwenye kuhirimia hukatazwa kuwinda mawindo ya nchi kavu, na katika eneo la Haramu haikatwi miti yake iliyoota yenyewe, wala hawafukuzwi wanyama wake. Kwa karne zaidi ya 14 watu wameitwa kwenda mahali pamoja, na katika sharti za kwenda kwao ni kuwa viumbe vya mahali pale visidhurike kwa kuja kwao. Kama leo Mina baada ya siku za kutupa mawe huonekana pamejaa chupa na vifuko, hilo si katika sharti za Hija bali ni katika dasturi walizokwenda nazo watu kutoka makwao.

Yamebaki maneno ya kundi la pili, wale wasemao kuwa mwalimu mwenye aibu asisikilizwe. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), amelizungumza suala hili kwa urefu katika Ihyaa, katika mlango wa kuamrisha mema na kukataza maovu. Ameikataa rai ya wale walioshurutisha kuwa mwenye kukataza ovu awe hana dhambi, kwa sababu sharti hiyo ikiwekwa hatapatikana duniani mtu wa kukataza ovu lolote. Wajibu wa kusema haumtoki mtu kwa kuwa amekosa mahali pengine. Lakini Imamu huyo huyo amepambanua, naye alijua tabia za watu: waadhi wa mtu ambaye wasikilizaji wake wamekwisha kumjua kwa ufasiki hauna athari katika nyoyo zao, na kisichokuwa na athari hakina faida ya kufanywa. Basi aibu ya msemaji haiugeuzi ukweli kuwa uwongo. Bahari inachafuka, awe aliyesema ana chupa mkononi au hana. Kinachokufa ni kule kuaminika kwake. Na mkutano wa kuwazindua watu haukukusudia kingine ila kuaminika. Jaji aweza kuhukumu kwa haki hali yeye ni mlevi nyumbani kwake, na hukumu ikapita, kwa kuwa nguvu yake imetoka katika dola. Mwenye kuwaita watu wabadilishe ada zao hana dola, hana askari; ana mfano wake tu, na akiuvunja, hakusalia na kitu.

Katika miji mingi ya dunia huzimwa taa kwa saa moja, usiku mmoja wa mwaka, katika mwezi wa Machi, ili watu wakumbuke kutumia umeme kwa kadiri. Dasturi hiyo ilianza Sydney, mji wa Australia, mwaka 2007. Ni jambo zuri. Lakini shamba ambako umeme haujafika, watu wameifanya saa hiyo kila usiku tangu kuumbwa ulimwengu, wala hakuna aliyekwenda kuwapiga picha.

Sasa huenda ikaulizwa: Ikiwa haifai kusema kuwa wema wafuta, wala haifai kusema kuwa aibu yabatilisha, mwenye kutaka kukusanya watu afanye nini? Jawabu lake limo katika mpango waliouweka wanavyuoni wa usuli, akina Al-Ghazali na baada yake Ash-Shatibi (aliyefariki 790 wa Hijra, 1388), walipozigawa haja za wanadamu daraja tatu: mambo ya dharura, ambayo yakikosekana maisha huharibika, na mambo ya haja, ambayo yakikosekana huwa dhiki, na mambo ya kupamba, ambayo yakikosekana hapana dhiki wala maangamizi, ila uzuri hupungua. Mwenye kuandaa mkutano na ahisabu kila kitu chake kwa daraja hizi. Safari ya mwenyeji wa kisiwa kinachozama kwenda kusema mbele ya wenye viwanda, hiyo ni dharura, naye asitukanwe kwa kupanda ndege, maana kwa mtumbwi hafiki. Safari ya mtu wa tano katika ujumbe wa nchi hiyo hiyo, ambaye kazi yake ni kumbebea mkoba mtu wa nne, hiyo ni mapambo. Maji ya kunywa mkutanoni ni dharura. Chupa ya kutupwa yenye jina la mkutano ubavuni ni mapambo. Fulana ni mapambo. Bango la plastiki lililochapwa tarehe, hata lisiweze kutumika tena mwakani, ni mapambo yenye ujinga ndani yake. Na msomaji akihisabu hivi kwa uadilifu ataona ajabu moja, ya kuwa takataka karibu zote za mkutano hutoka katika daraja ya tatu. Dharura zina taka chache. Basi lile suala gumu la kuwa kheri inafuta shari au haifuti, mara nyingi halikuwa na haja ya kuulizwa. Shari ile haikuwa njia ya kheri hata kidogo, bali iliambatana nayo kama kupe.

Mfano wa mkusanyiko ambao njia yake na maneno yake vilikuwa kitu kimoja umepatikana Lamu. Mafundi wa vyombo wa huko, wakiongozwa na fundi Ali Skanda, waliunda jahazi la urefu wa kama mita 9 kwa plastiki iliyookotwa pwani na mijini, uzito wake kiasi cha tani 10, wakalifunika kwa vipande vya ndara vya rangi mbali mbali, vipatavyo 30,000. Wakaliita Flipflopi, kwa jina la Kizungu la ndara hizo. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mapema mwaka 2019 likasafiri kwa tanga kutoka Lamu mpaka Unguja, mwendo wa kilomita kama 500, likitia nanga njiani na watu wakilizunguka. Hoteli kadhaa za pwani zilitoa ahadi ya kuacha plastiki za kutumika mara moja. Mwaka 2021 likasafiri katika ziwa la Nyanza. Jahazi lile halikuhitaji maneno mengi. Mtoto aliyelishika ubavu aliiona ndara iliyofanana na ile aliyoipoteza mwaka jana, akafahamu mwenyewe ya kuwa kilichotupwa hakikwenda popote. Wala haikuwezekana kuliambia jahazi ya kuwa lasema lisilolitenda.

Hata hivyo, uzuri wa jahazi usimsahaulishe mtu punda. Katika mji huo huo wa Lamu, ambao tangu 2001 umeandikwa katika urithi wa ulimwengu, punda ndiye mbebaji wa mchanga na mawe na maji, na akifunguliwa jioni hutafuta chakula chake majaani. Hula maganda na ukoko wa wali, na pamoja navyo hula mifuko na vifuniko vilivyopakwa mafuta ya chakula. Punda hatapiki. Kilichoingia kikajifunga matumboni hubaki humo mpaka kimwue, na waganga wa wanyama wamezikuta plastiki hizo katika matumbo ya waliokufa. Na taka zile hazikutoka katika mikutano ya mataifa. Zimetoka katika nyumba za watu, na madukani, na katika walima na khitima na karamu zao.

Hapa ndipo suala linapomrudia kila mtu. Dola zimekwisha kufanya sehemu yao kwa kiasi fulani: Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikakataza tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu kali ya faini ya mamilioni na kifungo, Tanzania bara ikakataza tarehe 1 Juni 2019. Mfuko ukatoka mkononi, lakini karamu ikauingiza mlango mwingine ule ule uchafu, kwa sura ya sahani ya kutupa na gilasi ya kutupa na chupa. Walima ya watu 300 zamani ilikuwa na masinia 60, kila sinia watu 5, wakanawa kwa birika na kuli na wakanywa kwa vikombe vya bati, na baada ya karamu kilichobaki ni mifupa kwa paka. Walima hiyo hiyo leo huacha sahani 300, vijiko 300, gilasi 600 na chupa zisizo idadi, na hapana aliyeshiba zaidi. Kula sinia moja kulikuwa na baraka yake ya kuwaunganisha watu, tajiri na maskini mkono wao bakuli moja. Lakini hata asiyejali baraka hiyo aweza kuhisabu taka.

Wenye kufanya kazi ya kuwazindua watu wamezoea kudhani ya kuwa lazima watu wakusanywe kwanza. Khabari ya kisiwa cha Misali yaonyesha vingine. Kisiwa hicho kidogo kiko magharibi ya Pemba, na wenyeji husimulia ya kuwa Nabii Khidhri alipita hapo akaomba msala wa kusalia, ukakosekana, akasema kisiwa chenyewe ni mithali ya msala, kwa jinsi kilivyoelekea kibla. Wavuvi wengi hupata riziki yao katika maji yake, na wako waliokuwa wakivua kwa baruti, ambayo huua samaki mkubwa na mdogo na kuyavunja matumbawe wazaliapo. Mwaka 1998 serikali ya Zanzibar ilikifanya kuwa mahali pa kuhifadhiwa. Amri peke yake haikutosha. Bahari ni pana na askari ni wachache. Katika miaka iliyofuata yakaingizwa mafundisho ya amana ya mwanadamu juu ya viumbe, yakapitia kwa maimamu na waalimu wa madrasa. Wavuvi walioyasikia maneno ya serikali kwa sikio moja, haya waliyasikia kwa yote mawili. Na msomaji azingatie jambo moja ambalo halikutajwa sana: waliofundishwa hawakupigiwa hema. Walikuwa wamekwisha kuketi. Msikiti wa Ijumaa hujaa kila wiki bila ya barua za mwaliko, bila ya fulana, na kila aliyeko amekuja kwa miguu yake. Mkusanyiko usio na taka ni ule ambao ulikuwako tayari.

Limebaki pingamizi moja, nalo ni zito kuliko yote yaliyopita, ingawa hutolewa kwa sauti ndogo, kwa kuwa wenye kulitoa wako nyuma jikoni. Mwanamume akishasema barazani ya kuwa sahani za kutupa ziachwe na masinia yarudi, nani atakayeyaosha? Sahani za kutupa zilipoingia, aliyefurahi kwanza alikuwa mwanamke. Yeye ndiye aliyekuwa akiinama juu ya masufuria na masinia 60 mpaka alfajiri, kwa majivu na makumbi ya nazi, hali waume wamekwisha kulala na harufu ya udi nguoni mwao. Kumwambia leo arudi pale pale kwa ajili ya punda na kasa, na mwenye kumwambia hatii mkono wake majini, hiyo ni dhuluma iliyovaa nguo ya kijani. Al-Ghazali angemweka mwenye kusema hivyo katika wale ambao waadhi wao hauna athari. Imepokewa kwa Bibi Aisha ya kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa nyumbani kwake katika kuwahudumia watu wake, mpaka ukifika wakti wa sala ndipo akatoka. Aliyewatosha Maswahaba kuwa kiongozi hakuona aibu ya kazi ya nyumbani; anayeiona aibu leo na aseme ni kwa sunna ya nani.

Basi mtaa wenye kutaka kuzirejesha karamu zake katika usafi, mpango wake uanzie huko nyuma wala usianzie mbele. Masinia na birika na vikombe vinunuliwe kwa mchango, viwekwe mahali pamoja, penye msikiti au penye nyumba ya mtu mwaminifu, na kila mwenye harusi au msiba aazime bila ya malipo. Vihesabiwe vikitoka na vihesabiwe vikirudi, aliyepoteza alipe. Na sharti ya kuazima iandikwe mlangoni pa chumba hicho, ya kuwa vyombo vitapokewa vikiwa vimeoshwa, na kwamba watakaoviosha ni wale wanaume 10 waliokula mwisho, vijana wao na wenye mvi wao, kabla hawajaondoka.